Rangi za maji siku 31 nikiwa Dodoma: kwa wewe unayetaka kuanza

Kuna mdogo wangu mmoja kaniuliza anataka kupaka picha kwa rangi za maji (watercolor) kila siku mwezi mzima kama nilivyofanya mi mwezi wa nane, nikaona niandike tu hapa na wengine wasome. Mi sio msanii, nafanya kazi ofisini, jioni nakuwa nimechoka kama nyie tu.

Anza na karatasi, rangi baadae. Mi kuna duka waliniuzia karatasi wakasema za rangi za maji, kumbe ni manila za kawaida, maji yakigusa inajikunja kama chapati na ukisugua mara mbili inaota manyoya. Tafuta nzito, iliyoandikwa gramu 300 kwa mita ya mraba (300 gsm). Bei inauma, ndo maana unachukua A4 nane, kila moja unakata vipande vinne, unapata 32, siku 31 na kimoja cha kujaribia brashi. Na vikate vyote kabla hujaanza, maana siku umechoka hata kutafuta mkasi tu kunatosha kukufanya useme ntafanya kesho. A4 nzima kila siku ningekimbia wiki ya kwanza. Tarehe 8 ilikuwa Nane Nane, nimeshinda kwenye maonyesho Nzuguni na jua na vumbi, narudi usiku miguu inawaka moto, nikapaka nyanya moja dakika kumi nikalala. Imehesabika hiyo.

Sasa hili hakuna video iliyoniambia. Walimu niliokuwa nawafuata wako Uingereza huko, anakwambia lowesha karatasi, weka anga, kanywe chai ikikauka urudi. Aisee huku mwezi wa nane na upepo ule mnaoujua, unalowesha kulia, ukifika kushoto kulia kushakauka, anga linabaki na mstari katikati kama ukuta uliopigwa plasta siku mbili tofauti, na mi wiki nzima najua tatizo ni mkono wangu. Dawa niliyoipata ni kulowesha karatasi mbele na nyuma, unailaza kwenye kipande cha tailizi, na rangi unakuwa ushaichanganya nyingi kabla, maana ukianza kuchanganya katikati ya kazi umeshachelewa. Halafu kaa ndani, mbali na dirisha, vumbi likitua kwenye rangi mbichi ndo limehamia hapo. Ila na sisi tuna raha yetu, tabaka la pili unaweka baada ya dakika chache, wenzetu wanahangaika na draya.

Ikiwa nusu kavu usiiguse!! Brashi yenye maji inasukuma rangi pembeni inaacha doa lenye kingo kama koliflawa, na huwa tunaligusa tena tukidhani tunarekebisha.

Boksi la rangi 48 la nini? Mi nilitumia nne, njano moja, nyekundu moja, bluu ya altramarini (ultramarine) na kahawia ya bant sienna (burnt sienna). Hizo mbili za mwisho ukizichanganya unapata kijivu cha majabali ya hapa mjini na magome ya mibuyu, na hiyo kahawia peke yake karibu ndo udongo wetu. Nyeupe ni karatasi yenyewe, iache wazi toka mwanzo, anza na nyepesi ndo uende nzito. Na ikikauka inapauka, kwa hiyo iwe kali kidogo kuliko unavyotaka.

Cha kupaka, rudia kitu kimoja mara nyingi. Mwezi huo mibuyu haina majani, ni shina na matawi tu, nikajua mteremko. Wa kwanza mama mwenye nyumba kauangalia weee, akauliza "mwanangu, hiki kiazi?" nikamwambia ndiyo mama. Wa tano, tarehe 22, hakuuliza.

Siku ukiumwa ukaruka usifidie. Mi nililala homa siku tatu, nikajaribu kulipa vipande vitatu usiku mmoja, vyote tope. Endelea na tarehe ya leo, zilizopita ziache wazi.

Ah nisisahau, brashi usiiache imesimama kwenye kopo la maji usiku, nywele zinapinda. Yangu namba 8 mpaka leo inaangalia pembeni, naitumia kupaka majani.