Jibu: Pampu ya ngama ipite kwenye swichi kuu?
Ndugu, umeuliza kama pampu ya umeme ya kutoa maji ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika), unayotaka kuifunga mwenyewe, ipitie swichi kuu ya boti. Ushauri wangu ni kwamba isipitie, kwa sababu boti inapoachwa nangani swichi hiyo huzimwa, na hapo ndipo maji hupenya bila mtu wa kuyaona. Vuta waya wa swichi ya boya (ile inayoelea na kuwasha pampu maji yakipanda) moja kwa moja kutoka kwenye betri, ukiweka fyuzi ya kiwango alichokitaja mtengenezaji wa pampu ndani ya sentimita 18 hivi kutoka betrini, ili waya ukichubuka mbele yake usiwashe moto. Tumia waya wa shaba uliopakwa bati. Shaba tupu huwa nyeusi chini ya ganda lake, na pampu hudhoofika polepole. Viungo vikae juu kabisa ya ngama.

Wengi hupuuza mpira wa kutolea maji. Uinue juu sana ya usawa wa maji, na kileleni uweke valvu ya kuingiza hewa, la sivyo boti ikilala upande kwa upepo, bahari inaweza kurudi ndani kwa njia hiyo hiyo. Kisha zima swichi kuu, mwaga ndoo ya maji ngamani, na uhakikishe pampu inawaka yenyewe.