Kabla Hujawarudishia Aproni

Alhamisi iliyopita, saa sita kasoro usiku, simu yangu iliwaka. Ni mtoto wa kaka yangu, mpishi katika hoteli moja hapa Kisumu. Alikuwa ameandika, akiniita senje, yaani shangazi: "Senje, kupika nimeacha." Nikamuuliza umeacha lini. "Kesho. Kesho nawarudishia aproni yao."

Nilimwambia alale kwanza. Mtu aliyetoka jikoni saa tano usiku hawezi kuamua neno, hata kuchagua soda kunamshinda. Lakini nilipoweka simu chini usingizi ulinipaa. Mimi mwenyewe nimerudisha aproni mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili kwa hesabu, na nilitaka ajue tofauti. Basi haya namwandikia yeye. Nyinyi wengine mnaoshika mwiko, kuanzia hapa hadi Kakamega na Nakuru, karibuni mdoee.

Nina miaka 15 jikoni. Nilianza kama stiwadi, mwosha sufuria, kwa shilingi 300 kwa siku, nikapandishwa mboga, kisha jiko la moto, hadi nikawa nasimamia wenzangu tisa. Cheti cha ufundi cha NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, nilikipata nikiwa tayari nimeungua mikono yote miwili.

Watu wakisikia mpishi amechoka hudhani ni joto. Joto lipo, sikatai. Kisumu penyewe saa nane mchana ni moto wa kutosha, hata kabla hujawasha majiko sita ya gesi na oveni kwenye chumba chenye dirisha la kupitisha paka. Upepo wa ziwa ukianza kuvuma tunapigania mlango wa nyuma kama wanaopigania matatu. Lakini mwili huzoea joto, na miguu huzoea kusimama, ingawa inanung'unika. Mimi sikuvunjwa na hayo.

Nikuonyeshe. Wiki niliyofanya kazi nyingi kuliko zote maishani ilikuwa Mei 2022, mkutano wa Africities ulipofanyika hapa Kisumu na wageni wakaja kutoka kila pembe ya Afrika. Kila kitanda mjini kilikuwa na mtu. Tulikuwa tukilala kwa muda wa saa nne hivi tu, wengine juu ya magunia ya viazi. Na ndiyo wiki niliyoifurahia kuliko zote. Ninavyoikumbuka, utadhani nasimulia arusi yangu.

Mwezi niliouchukia kuliko yote ulikuwa Julai mmoja tulivu, miaka mingi kabla ya hapo, katika hoteli nyingine ambayo sitaitaja. Wateja 30 kwa siku, wengi wao wakitaka chai na mandazi tu. Nikawa narudi nyumbani nalia kwenye tuktuk.

Kwa muda mrefu sikuelewa jambo hili. Halafu mdogo wangu, aliyekuwa akisoma Maseno, alinisomea kitu kwenye daftari lake: kwamba mwaka 1979 mtafiti Mmarekani, Robert Karasek, aliandika kuwa kazi inayomdhoofisha mtu ni ile yenye mzigo mzito ambayo mwenyewe hana usemi juu yake. Mzigo ukiwa mzito na usemi upo, mtu huweza hata kustawi. Nikamwambia mdogo wangu arudie. Akarudia. Nikaiona Julai yangu yote pale.

Kwa sababu ile Julai, wateja walikuwa wachache lakini hakuna kitu kilichokuwa changu. Ratiba ya zamu ilikuwa ikitumwa WhatsApp saa nne usiku, ya kesho asubuhi. Siku yangu ya ofu ilifutwa mara tatu, mara moja nikiwa tayari nimeshapanda gari la kwenda nyumbani. Orodha ya vyakula ilibadilishwa na meneja ambaye hajawahi kukaanga yai, nasi tukaja kuisoma mezani kwa wateja. Sahani ikivunjika, tunakatwa sote. Mzigo kumbe haukuwa mdogo. Nilikuwa nalinda kila upande kama kuku mwenye vifaranga.

Wiki ya Africities nilikuwa chini ya mzee mmoja tuliyemwita Jaduong', kama wazee wote wanavyoitwa hapa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi aliniita nyar Kakamega, yaani binti wa Kakamega, na siku ya kwanza alinielekeza kwa kidevu: "Samaki ni wako." Basi. Sikujua uzito wa maneno hayo mpaka asubuhi ya pili, mchuuzi alipoleta ngege macho yakiwa na ukungu. Nikabonyeza ubavu wa mmoja, kidole kikaacha shimo. Nikafunua shavu, mashavu ya ndani yamekuwa kahawia badala ya wekundu. Nikasema hawa hawaingii. Mchuuzi akakimbilia kwa Jaduong' kulalamika. Mzee hakuinua hata kichwa kutoka kwenye vitunguu vyake. "Samaki ni wake," akasema. Mchuuzi akaondoka na kreti zake, na baada ya saa moja na nusu akarudi na samaki walioonekana wametoka majini dakika ile. Siku hiyo nilikaanga ngege 140 na sikuhisi mgongo.

Sasa lile ninaloona aibu kulisema. Katika ile hoteli ya Julai tuliletewa msichana wa atachimenti kutoka chuo. Mtoto mwepesi, anauliza maswali mazuri. Jumapili moja mchana samaki wa meza moja alikuwa amerudishwa mara ya tatu, kwanza mkavu, kisha mbichi, kisha mteja amebadilisha nia. Msichana akachukua mwingine kwenye beseni la maji, akamtumbukiza kwenye karai vile vile akidondoka. Unajua kinachofuata. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke kwa mpigo, na mafuta yote yanapanda juu kukutafuta. Yalimpata kwenye kiwiko cha mkono, mimi shingoni.

Sikumpeleka kwenye bomba. Nilimfokea mbele ya weita wote, na neno nililomwita sitaliandika hapa. Akavua aproni, akaikunja vizuri mara nne kama walivyomfundisha chuoni, akaiweka juu ya friza, akatokea mlango wa nyuma. Sikumwona tena.

Kilichonifanya nisilale ni hiki: kwa wiki tatu nilikuwa nimeomba stoo vitambaa vya kumkaushia samaki kabla ya kumkaanga, nikaambiwa bajeti. Mtoto hakuwa na kitu cha kumpangusia samaki. Hasira yangu ilikuwa ya stoo. Stoo ilikuwa na mlango wa chuma na meneja nyuma yake, yule msichana hakuwa na mlango. Wiki iliyofuata nami nikatupa aproni mezani, nikaondoka bila notisi, nikijiona shujaa. Mshahara wa mwisho walinikata, cheti cha kazi sikupewa, na miezi miwili nikala kwa kaka yangu.

(Na nikiwa hapo hapo: ukiungua, weka mahali hapo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, uvue pete na saa kabla hapajavimba. Dawa ya meno, yai, unga, mafuta, yote hayo waachie wanaopika keki. Nimeona makovu mabaya zaidi ya dawa ya meno kuliko ya moto.)

Wapo watakaosema jikoni lazima makelele, ndiyo jadi. Jadi ya nani? Huu mpangilio wa shefu mkuu, msaidizi, mkuu wa kila jiko na kadhalika tuliletewa. Aliyeupanga ni Mfaransa, Auguste Escoffier, na yeye aliwahi kuwapikia wanajeshi katika vita vya mwaka 1870. Tulichorithi ni nidhamu ya kambi. Mama wa mtaa wa Nyalenda anayepikia mazishi ya watu 600 kwa sufuria nne na wasichana kumi, sijawahi kumsikia akimwita mtu mbwa.

Haya, kijana wangu, nikurudie. Kwanza, usirudishe aproni kesho. Ukiwa unalipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka notisi ya siku 28 kwa maandishi, kutoka kwako kama inavyotoka kwao. Ukiondoka hivi hivi wanaweza kukudai malipo ya muda huo, na utakuwa umewafanyia kazi mwezi mzima bure kwa raha ya dakika moja ya kutupa kitambaa. Nimeionja hiyo raha. Inaisha kabla hujafika stendi.

Pili, chagua kitu kimoja. Kimoja tu. Usiende kwa meneja na kapu la malalamiko, atachagua lile jepesi akujibu, na mengine yote yatapotelea humo. Jaduong' alikuwa akibandika ratiba ya wiki ijayo ukutani kila Alhamisi, na sijui kitu kingine kilichotuliza jikoni lile kuliko ile karatasi. Tulikuwa tunajua siku ya kufua, siku ya kanisa, siku ya kumpeleka mtoto kliniki. Kama chako ni ratiba, omba ratiba. Sheria hiyo hiyo inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka ukishamaliza miezi 12. Kama chako ni sahani, jua kwamba mwajiri anaruhusiwa kukukata kiasi cha haki ukiharibu mali yake kwa makusudi. Sahani iliyokuponyoka kwa sababu sakafu ina mafuta si makusudi. Na wale wenzako wanaoitwa vibarua mwaka wa pili huu, waambie wasome kifungu cha 37 cha sheria hiyo, kinachohusu kibarua kugeuka mwajiriwa wa mwezi, au wamwendee mwakilishi wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, kama hoteli yenu inacho. Mimi nilichelewa sana kujua hayo, nilidhani sheria ni ya watu wa ofisini.

Kitu hicho kimoja hakiombwi saa saba mchana oda zikiwa kumi na mbili ukutani. Kinaombwa saa tisa, wakati sufuria zimelowekwa na shefu amekaa juu ya ndoo anakunywa chai. Nendeni wawili. Mmoja akiwa peke yake anaitwa mkaidi. Na uandike tarehe uliyoomba.

Tatu, kula umekaa. Unacheka, lakini hesabu ni lini mara ya mwisho ulikula ukiwa umekaa. Sisi tunaolisha watu mia mbili tunakula ukoko kwa kidole tukiegemea friza. Kwa Jaduong' saa tano kamili kila mtu alikuwa anakaa kwa dakika 20, stiwadi na shefu meza moja, ugali na omena au chochote kilichobaki, na hapo ndipo tulikuwa tunaambiwa leo kuna wageni wangapi na nani anasaidia nani. Kama kwenu hakuna, kaeni wawili nyuma ya jengo. Itaanza hivyo.

Ile zamu ya kukatwa, saa tatu hadi tisa kisha kumi na mbili hadi tano usiku, sina dawa yake kamili. Ukikaa Mamboleo unalipa nauli mara mbili na hulali. Mimi na wenzangu wawili tulikodi chumba kimoja Nyalenda, godoro tatu, cha kulalia zile saa tatu tu. Kilitugharimu kidogo kuliko nauli. Pombe ya baada ya kazi nayo unaijua, baba yako atakuwa amekwambia, sirudii.

Usiniulize kuhusu kuipenda kazi. Kila semina wanakuja na hilo, mpende kazi yenu, wanabandika picha ya mfanyakazi bora wa mwezi, wanaondoka na bahasha. Kazi nilikuwa naipenda hata ile Julai. Ndiyo maana iliniumiza.

Ukishaomba hicho kimoja, wape miezi miwili au mitatu. Wakikataa bila sababu, au wakikubali Jumatatu na kusahau Ijumaa, hapo sasa ondoka, ila kwa hesabu. Tafuta kwingine kwanza, andika notisi, dai cheti chako cha kazi maana ni haki yako hata ukigombana nao, hakikisha cheti cha afya hakijapitisha miezi sita ili usianze kazi mpya kwa kupanga foleni ya vipimo. Mara ya pili niliondoka hivyo. Shefu aliniaga kwa mkono.

Hayo nilimwandikia Ijumaa. Alijibu saa nne asubuhi, akiwa ameshalala na kuoga. Nikamuuliza, haya, hicho kimoja ni nini? Nilitarajia aseme ratiba, au mshahara, au yule shefu wake. Akakaa kimya kama dakika tano, kisha akaandika: "Senje, kisu changu. Kila nikienda ofu wanakitumia kufungulia makopo."

Jumapili nilipita soko la Kibuye, nikamnunulia kufuli la shilingi 150. Kabati anasema lipo, halina mlango, lakini fundi wa hoteli ni rafiki yake.