Macho yanaona vizuri, mbona yanaungua?

Wiki ya tatu baada ya upasuaji wa macho kwa leza nilisoma mstari wa mwisho wa chati bila miwani. Usiku huohuo niliamka saa tisa, kope zimegandia jicho, nikapapasa gizani kutafuta matone. Kliniki iliyonifanyia ilirudia neno moja tu: "Umepona."

Kwenye upasuaji wa LASIK, daktari hukata utando mwembamba wa konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, huufunua, huchonga kwa leza, kisha huurudisha. Mkato huo hukata pia neva, yaani mishipa ya fahamu, na konea ina neva nyingi ajabu. Ndizo zinazoliambia jicho lidondoshe machozi na kope zipepese. Huota tena polepole, kwa miezi, pengine zaidi ya mwaka. Mimi nilikatakata vitunguu miezi mitano bila chozi hata moja, huku vumbi la Jogoo Road, Nairobi, likinichoma kama pilipili.

Dada yangu alipata habari za Oxervate, akataka tuchange tuiagize. Ni matone yenye protini inayokuza neva, ile ambayo kuigundua kulimpa Rita Levi-Montalcini Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2018, idondoshwe mara sita kwa siku kwa wiki 8. Lakini iliidhinishwa kwa konea iliyokufa ganzi na kufanya vidonda. Jicho langu halikuwa na ganzi, lilikuwa na moto. Isitoshe, athari inayolalamikiwa zaidi ni maumivu ya jicho, na bei yake ni ya kuuza shamba. Tafadhali, usiiagize mtandaoni kwa kukata tamaa.

Tafuta kwanza daktari wa konea akupime. Wangu, kule Upper Hill, alinidondoshea tone la ganzi. Moto ukazimika kwa dakika kadhaa, nami nikalia kwa furaha palepale kitini. Maana yake maumivu yalikuwa yakitoka kwenye uso wa jicho. Yangeendelea, chanzo kingekuwa ndani zaidi kwenye mfumo wa neva, hadi ubongoni, na matone pekee yasingetosha.

Alinibadilishia machozi bandia, akanipa yasiyo na kihifadhi. Soma kibandiko: ukiona kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu na unadondosha mara nyingi kwa siku, mwulize daktari, maana kemikali hiyo huumiza uso wa jicho na hizo neva changa. Kisha nikatolewa damu, ikatengenezwa matone ya seramu yangu mwenyewe (yale maji ya damu yanayobaki chembe zikitolewa), ambayo yana vichocheo vya kukuza neva. Vichupa vilikaa kwenye friza kando ya nyama, kimoja kikitumika kwenye friji. Mwezi wa pili wa matone hayo nililala hadi alfajiri.

Na wewe ambaye hujafanyiwa, kama macho yako tayari ni makavu, au lenzi unazovaa machoni zinakukwaruza ikifika jioni, omba upimwe machozi kabla hujatia sahihi. Ni kikaratasi kinachowekwa kwenye ukingo wa kope kwa dakika 5. Mimi sikuwekewa.