Jibu: Leseni ya TCAA ya kuongoza ndege, Dubai au Ulaya?

Ndugu, umeuliza kama leseni yako ya kuongoza ndege kutoka ardhini (siyo ya urubani), ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, itakubalika Dubai au Ulaya. Haibadilishwi kirahisi kama leseni ya gari. Ruhusa ya kuongoza ndege imefungwa kwenye kituo: hata ukihamishwa Dar kwenda Kilimanjaro, unajifunza anga la pale na kupimwa kabla ya kuachiwa ndege peke yako. Nchi za Ghuba, Dubai ikiwemo, ndiko kwepesi zaidi, huajiri wenye uzoefu kisha huwafundisha palepale. Ulaya, kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2015/340 nchi wanachama hutambuana leseni wao kwa wao tu, wewe jiandae kuanza mafunzo ya awali. Marekani sahau, FAA, mamlaka yao ya anga, inataka raia wa Marekani. Angalia pia cheti cha Kiingereza: kiwango cha 4 cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) hupimwa tena kila miaka 3. Na rekodi zako za kazi zigongwe muhuri ukiwa bado mwajiriwa, ukishaondoka utazungushwa.