Vuta N'kuvute: nimeiangalia mara mbili, na safari ya pili ndiyo niliyoiona

Assalaam alaykum. Ndugu yetu kauliza tumeangalia picha gani siku hizi, akaongeza kwamba yeye Vuta N'kuvute aliiacha dakika ya ishirini kwa kuwa "imepooza, watu wanong'ona tu, mtu anasinzia." Nimeyasoma maneno yake mara mbili kabla sijajibu, kwa sababu miezi mitatu nyuma hayo hayo niliyasema mie, tena kwa sauti kubwa.

Safari ya kwanza niliiangalia ndani ya boti, natoka Unguja narudi Pemba. Simu mkononi, waya wa sikio la kulia umekufa, jua la asubuhi linapiga kwenye kioo. Tulipoipita Nungwi bahari ikachafuka, abiria wa pembeni yangu akaanza kutapika, nikawa jicho moja kwenye simu na jicho moja kwake. Picha yenyewe sehemu kubwa ni usiku, vichochoro na vyumba vyenye taa ndogo. Mie niliona weusi mtupu, na ndani ya weusi ule sauti za watu wanaozungumza taratibu. Tulipofunga gati Mkoani nilikuwa nimeshaihukumu: inapendeza machoni lakini haiendi mbele.

Kwa asiyeijua, ni filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, imetolewa katika riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilo hilo, ambayo wengi wetu tuliisoma kidato cha tano na cha sita. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee asiyemtaka, anakimbia na kuangukia Ng'ambo, ile mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, kwa rafiki yake Mwajuma. Huko anakutana na Denge, kijana wa harakati ambaye polisi hawampi nafasi ya kupumua. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa katika tamasha la filamu la Toronto, Canada, na mwaka 2022 nchi ikaipeleka kuwania Oscar. Sifa zote hizo nilikuwa nazo kichwani ndani ya boti na hazikunisaidia kitu.

Aliyenisaidia ni bibi yangu, mama yake mama. Tunaye hapa Wete lakini kwao Unguja, kazaliwa na kulelewa Ng'ambo upande wa Kikwajuni. Miaka ile inayoonyeshwa yeye alikuwa msichana. Siku moja kanikuta nimeinama kwenye simu, kauliza naangalia nini, nikamwambia ni picha ya Ng'ambo ya zamani. Akaishika ile simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akanirudishia. "Mwanangu, mie hapa sioni mtu. Naona mende wanatembea."

Basi nikaazima projekta kwa rafiki yangu anayesomesha tuisheni, tukatundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo uani, tukaanza baada ya Isha. Walikuja wa nyumbani, wakaja na majirani. Mikeka chini, bibi peke yake kwenye kiti, njugu na kahawa zikipita.

Ile picha sikuwahi kuiona. Nasema kweli. Kwenye shuka ule weusi una vitu ndani yake. Unaona jasho shingoni mwa mtu, unaona chokaa ya ukuta ilivyobanduka, unaona taa inamulika nusu ya uso na nusu nyengine imeachwa gizani makusudi. Lakini hata hayo nisingeyatilia maanani lau si bibi kuanza kusema. Wanawake walipopita kichochoroni wamejitanda, akataka tusimamishe. Akavua mtandio wake, akachukua kamba ya kufungia mkeka, akatuonyesha buibui la kamba linavyovaliwa: kamba inafungwa kichwani, nguo inashuka mwili mzima, kisha unaikamata kwa ndani ili hata vidole visionekane. "Ndani ya hili," akasema, "akipita mama yako mzazi humjui." Hapo nikafahamu jambo ambalo boti haikunifahamisha. Katika mji wa namna ile mwanamke aliweza kubeba barua, karatasi, chochote, na askari asiweze kumuuliza hata jina.

Kisha lile la kunong'ona. Kijana mmoja wa jirani naye alilalamika kama alivyolalamika ndugu yetu: mbona hawa hawapazi sauti? Bibi akamjibu bila kugeuza uso. "Nyumba zile ukuta haufiki paa. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha uani anakwambia pole."

Nilikaa na jibu lile usiku mzima. Nyumba zetu za zamani ndivyo zilivyo kweli. Kuta za vyumba zinaishia njiani, juu ni boriti na upepo, na sauti ni ya nyumba nzima. Sasa watie humo watu wanaotafutwa na serikali, na binti wa kabila jengine aliyekimbia kwa mume. Watazungumza vipi? Upole wa ile filamu mie niliuita kupooza, kumbe ni hofu ya watu wanaoishi chini ya paa moja na masikio ya wenzao. Tangu hapo kila mtu alipovuta pumzi kabla ya kujibu, na mie nilivuta naye.

Mwajuma alipoimba bibi alitaka turudie. Tukarudia mara tatu. Aliyecheza nafasi ile, Siti Amina, ni mwimbaji wa taarab hasa, na bibi aliligundua hilo kabla sijamwambia: "Huyu hakufundishwa kwa ajili ya picha, huyu anaimba." Baadaye, wakati umeme umekatika na tunangoja urudi, akatusimulia sinema za ujana wake. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mji mzima unajipamba. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na yeye alipelekwa na shangazi yake pale Majestic, Vuga. Picha za Kihindi wakiziangalia wakilia, na nyimbo zake anazo mpaka leo, maneno kamili, wala Kihindi hakijui. Akatuimbia moja palepale gizani. Watoto walinyamaza kabisa.

Sasa nisije nikaonekana nasifu tu. Nina malalamiko mawili na nayasema kwa sababu naipenda. Kwanza kitabu kina pumzi ndefu, kina safari, kina watu wengi wa mitaani ambao Adam Shafi anampa kila mmoja tabia yake. Filamu ni kama saa moja na nusu, ikawakazia macho Denge na Yasmin, na wengine wakapita kama abiria. Aliyesoma kitabu atawatafuta. Pili, baadhi ya waigizaji Kiswahili chao hakikukaa kimjini. Kwa mtu wa Mwanza pengine halisikiki hilo, lakini hapa uani kila lilipotokea watu waligeukiana. Picha iliyojali mpaka aina ya taa ingestahili mtu mmoja wa kukaa na waigizaji kila siku kuwarekebisha ndimi. Bado kwangu hakuna filamu niliyoiona iliyoipa Ng'ambo heshima kama hii. Tumezoea Zanzibar ya kwenye picha kuwa ufukwe, nyuma ya harusi ya mtu mgeni.

Kwa kuwa shuka lilikuwa limeshatundikwa, wiki ya pili tukaweka ya Kisomali, The Gravedigger's Wife ya Khadar Ayderus Ahmed, nayo ya 2021. Hii ndiyo iliyochukua tuzo kubwa ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika, kule Ouagadougou, Burkina Faso, mwaka huo huo. Guled ni mchimba makaburi mjini Djibouti. Yeye na wenzake wanakaa nje ya hospitali na sepetu zao, wakisubiri maiti itoke ili wapate kazi. Mkewe Nasra ana maradhi ya figo na upasuaji wake ni dola 5,000, fedha ambazo Guled hajawahi kuziona pamoja.

Mie ndiye niliyekuwa nikifasiri kwa sauti, maana maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Lakini salamu na dua walizipata wenyewe bila mie. Aliyenishughulisha zaidi usiku ule ni ami yangu. Yeye akisikia msiba popote Wete huwa wa mwanzo kufika na jembe, na wala hajapokea senti katika umri wake wote, kwani kwetu kaburi huchimbwa na mtaa. Wale watu wa sepetu walipotokea akauliza, "Wanangoja mtu afe ndiyo wale?" Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa kwa hasira, akawaona hawana utu. Baada ya nusu saa, Guled yuko nyumbani na mkewe wanacheka, hawana kitu na wanacheka, ami akasema polepole, "Huyu si mtu mbaya." Mwisho wake sisemi. Nasema tu kwamba ami alitoka kwenda msikitini kutia udhu wakati maji yapo hapa hapa nyumbani, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Niliangalia pia moja ya Kimarekani ya magari na mabomu, mpya. Sauti nzuri, na siku ya pili sikuikumbuka hata nusu.

Ndugu yangu, ukitaka kuijaribu tena, haya ndiyo niliyojifunza kwa makosa. Shuka lipigwe pasi kwanza, maana kunjo moja ikipita usoni mwa mtu inaudhi picha nzima. Pembe za chini zifungie mawe, upepo wetu hauna huruma. Usiku wa kwanza Denge alikuwa akipepea kama tanga. Spika usiiweke kando ya projekta. Iweke chini ya shuka, mbele, ili sauti itoke walipo wanaosema. Hili ndilo lililoleta tofauti kubwa kuliko yote, kwa picha ya kunong'ona hasa. Subiri giza liingie sawasawa. Na ukiwa na mzee wa Unguja aliyekuwepo miaka ile, mkalishe mbele na umwache aseme anapotaka, hata akifunika maneno ya waigizaji. Utarudisha nyuma.

Mwenye nakala safi ya Mother India, ile picha ya Kihindi ya 1957 ya Nargis, naomba anijuze. Bibi anasema aliiona Jumapili mbili mfululizo na safari zote mbili shangazi yake alilia mpaka mtandio ukaloa. Kamba ya nguo sijaifungua, na ami ameshaniuliza mara mbili ni Ijumaa ipi.