Maswali ya Wasomaji: Volti 63 kwenye kabati la mita

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi katika kiwanda kinachopokea umeme kwa laini ya volti 11,000. Kwenye kabati la mita kuna transfoma tatu za kupimia volteji, na kibao chake kimeandikwa 11,000/110. Nilipopima kwa multimita kati ya kila fezi na nyutro nilipata volti 63. Nikazidisha kwa 100, nikapata 6,300, nikamwandikia msimamizi wangu kwamba umeme umeshuka mno. Alinirudishia ripoti akisema laini haina tatizo. Nimekosea wapi? Na ikiwa kila fezi ina volti 63, kati ya fezi mbili si zitakuwa 126?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kipimo chako ni sahihi na hata kuzidisha kwako ni sahihi, kilichokosewa ni jina ulilolipa jibu. Volti 6,300 ulizopata ni volteji ya fezi, yaani kati ya waya mmoja wa laini na nyutro, ilhali zile 11,000 zinazotajwa kwenye kibao ni volteji ya laini, yaani kati ya fezi na fezi. Ili kutoka kwenye ya kwanza kwenda kwenye ya pili unazidisha kwa kipeuo cha pili cha 3, ambacho ni 1.732. Kwa hiyo 63 mara 1.732 ni volti 109.1, na ukizidisha kwa uwiano wa 100 unapata volti 10,910. Laini yenu imepungua kwa chini ya asilimia moja tu, na msimamizi wako alikuwa na haki.

Kuhusu 126, fezi hazifiki kileleni kwa wakati mmoja, bali kila moja hupishana na mwenzake kwa nyuzi 120, na ndiyo maana huwezi kuzijumlisha kama unavyojumlisha betri mbili zilizounganishwa mfululizo. Chukua karatasi, rula na kipimapembe. Kutoka nukta moja chora mistari miwili yenye urefu wa milimita 63 kila mmoja, pembe kati yake ikiwa nyuzi 120, kisha pima umbali kutoka ncha hadi ncha. Rula itakuonyesha milimita 109. Nawasihi mafundi wote wanaoanza kazi wauchore mchoro huu kwa mkono wao wenyewe, kwa sababu aliyeuchora hahitaji tena kukariri. Hesabu ni ileile majumbani: nchini Tanzania volti 230 za fezi huzaa takriban 400 kati ya fezi na fezi, na nchini Kenya 240 huzaa 415.

Hata hivyo, 1.732 inafaa pale tu fezi zote tatu zinapolingana. Fyuzi moja ya transfoma ya kupimia ikikatika, fezi hiyo itasoma karibu na sifuri. Kati ya zile mbili nzima utaendelea kuona 109, lakini kati ya nzima na iliyokatika utaona kama 63 tu. Hapo usizidishe chochote, pima fezi kwa fezi moja kwa moja na umjulishe msimamizi haraka, kwa maana mita ya umeme nayo inahesabu pungufu. Ncha ya multimita ikiteleza na kugusanisha vituo viwili, fyuzi hiyo unaweza kuikata wewe mwenyewe, kwa hiyo tumia ncha zenye plastiki hadi karibu na mwisho. Na kabati likiwa na lakiri ya shirika la umeme, usilifungue.

Yapo pia makabati yenye transfoma mbili badala ya tatu. Huko volteji inayosomwa ni ya laini tayari, 110, na kuzidisha kwa 1.732 ni kosa. Ukikuta vipimo viwili vinasoma 110 na cha tatu kinasoma 190, basi laini haijapanda: nyaya za transfoma moja zimefungwa kinyume, nazo zinapaswa kugeuzwa umeme ukiwa umezimwa.