Faili ya Kazi: Mambo ya Kumaliza Mombasa Kabla Hujastaafu

Kuli wa Kilindini, mpishi wa hoteli ya Nyali, mlinzi wa godauni la Shimanzi na mshonaji wa kiwanda cha nguo hawalingani mshahara wala jasho. Lakini wakishafika miaka 60, karani huwauliza maswali yale yale: ulianza lini, uliacha lini, mwajiri wako jina lake kamili ni nani, na haya majina mawili ni ya mtu mmoja kweli? Mwenye karatasi huhudumiwa. Asiye nayo huambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo huwa nyingi.

Mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60, tangu umri huo ulipopandishwa kutoka 55 mwaka 2009. Mwenye ulemavu hufika 65. Kampuni za binafsi hufuata mkataba au kanuni zao, kwa hivyo soma mkataba wako, maana wengi hawajaufungua tangu siku ya kutia sahihi. NSSF, yaani Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, nayo hulipa mafao ya uzeeni ukifika 60, na aliyestaafu mapema anaweza kudai kuanzia 50.

Makaratasi yaanze kutafutwa ukiwa na 55, usingoje 59. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ahifadhi maelezo ya ajira ya mtu kwa miaka 5 tu baada ya mtu huyo kuondoka. Hoteli uliyoiacha 2008 haina lazima ya kukujua tena, na karani wa mishahara aliyekufahamu kwa sura naye anahesabu siku zake za kustaafu.

Anzia ofisi ya NSSF, Nkrumah Road. Omba taarifa ya michango inayoonyesha mwezi baada ya mwezi, usikubali jumla peke yake. Jumla humfurahisha mtu na haimwambii kitu. Keti nayo na kalamu, pigia mstari kila mwezi ulio mtupu, na pembeni uandike ulikuwa wapi wakati huo. Kwa watu wa hoteli, Mei na Juni zaweza kuwa tupu mwaka hadi mwaka: watalii wamekwenda, wafanyakazi wamepewa likizo bila malipo. Hapo hakuna kosa. Kosa ni ule mwezi ambao karatasi ya mshahara inaonyesha umekatwa, na taarifa ya NSSF haina kitu. Pesa imetoka kwako na haikufika. Kwa mwezi kama huo beba nakala ya karatasi ya mshahara, nakala ya taarifa na barua fupi inayotaja miezi yenyewe, na usitoke ofisini bila nakala yako ya barua kugongwa muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe.

Usishtuke ukiona michango ya miaka ya nyuma ni midogo mno. Kabla ya Februari 2023, mchango wa kawaida ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri. Miaka 20 ya namna hiyo ni shilingi 96,000 kabla ya riba, hata kama mshahara ulikuwa mnono. Sheria mpya ya NSSF, ile ya 2013 iliyokaa mahakamani miaka na miaka, ilipoanza kutekelezwa mwezi huo, makato yakawa asilimia 6 ya mshahara hadi kikomo fulani, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Anayepata 30,000 sasa hukatwa 1,800, na zinazoingia ni 3,600 kwa mwezi. Ikiwa taarifa yako inaonyesha kiasi cha chini zaidi ya hapo, usikimbilie kumwita mwajiri mwizi. Sheria inaruhusu daraja la pili la mchango, yaani sehemu inayokatwa mshahara uliozidi kiwango cha chini, lipelekwe kwenye mfuko wa pensheni wa binafsi. Muulize karani wa mishahara ni mfuko gani, upate jina lake na nambari yako ya uanachama. Wako watu wanaostaafu wakiwa na pesa kwenye mfuko wasioujua hata jina.

Jambo linalokwamisha watu wa Pwani kuliko yote ni majina. Kitambulisho kinasema Mohamed, NSSF wameandika Muhammad, cheti cha shule kina Mohammed, na faili ya kampuni ina jina la baba na la babu tu. Mwanaisha huwa Mwanaesha, Omar huwa Omari, na mwanamke aliyeongeza jina la mume kwenye kitambulisho amebaki na la babake kwenye NSSF. Kwa binadamu huyo ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watatu. Weka karatasi zote mezani, uandike jina kama lilivyo kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Kitambulisho ndicho msingi, kwa hivyo vingine ndivyo virekebishwe vikifuate. Tofauti ya herufi aghalabu humalizwa kwa hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya kamishna wa viapo, na kiapo hicho kitaje kila namna jina lilivyoandikwa, siyo mbili kati ya nne. Ikiwa jina limebadilika kabisa, muone wakili, kiapo pekee huenda kisitoshe.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina balaa zake. Wengi walikisiwa mwaka walipochukua kitambulisho. Faili ya kampuni ikisema 1964 na kitambulisho 1966, kampuni ikifuata faili yake utastaafishwa miaka miwili mapema, na hiyo ni mishahara 24. Peleka nakala ya kitambulisho ofisi ya wafanyakazi sasa hivi. Barua ya kustaafu ikishaandikwa, kuigeuza ni vita.

Kisha kuna jina la mwajiri. Lililo kwenye bango la hoteli si lazima liwe la kampuni iliyokuajiri. La kutafuta ni lile lililo juu ya karatasi ya mshahara, kwani ndilo lililopeleka michango. Hoteli ikiuzwa, bango laweza kubaki na kampuni ikabadilika. Walinzi ndio wanaoumia zaidi: mtu amekaa geti moja miaka 12, sare imebadilika mara mbili, na yeye anajihesabu ana kazi moja. Kisheria ana waajiri watatu. Kwa kila mmoja dai hati ya utumishi, na hii si hisani. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri kuitoa kwa yeyote aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi. Iwe na jina na anwani ya mwajiri, jina lako, tarehe ya kuanza, kazi uliyofanya na mahali, na tarehe ya kuacha. Sifa si lazima azitoe, kwa hivyo usigombane naye juu ya sifa, gombania tarehe.

Kibarua asidhani haya hayamhusu. Aliyefanya kazi siku mfululizo zinazotimia mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi 3, sheria inamtazama kama mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Ila hakuna atakayekuja kukubadilishia faili. Itabidi uthibitishe, pengine mbele ya Mahakama ya Ajira. Ushahidi wa kibarua ni pasi ya getini, picha ya ukurasa wa zamu wenye jina lake, na jumbe za M-Pesa za malipo. Usizifute jumbe hizo kwa sababu simu imejaa. Madai ya ajira kwa kawaida yana miaka 3 tangu jambo litokee. Ukichelewa hapo, haki yako imebaki hadithi.

Siku ya mwisho utapewa karatasi ya kusema umepokea haki zako zote na huna dai. Usiitie sahihi kabla ya kuona hesabu yenyewe. Angalia likizo kwanza: sheria inatoa siku 21 za kazi kwa mwaka, yaani siku 1.75 kwa kila mwezi, kwa hivyo aliyefanya miezi 7 ya mwaka wake wa mwisho ana siku 12 na robo. Linganisha na daftari lako la likizo, kisha angalia mshahara wa siku ulizofanya mwezi huo. Ukisukumwa, sema unaipeleka nyumbani uisome. Hakuna sheria inayosema lazima isainiwe palepale mezani.

Bima ya afya nayo hukatika kimyakimya. Ulipokuwa kazini SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, ilichukua asilimia 2.75 ya mshahara wako. Mshahara ukikoma, mchango umekoma. Nenda Huduma Centre, Digo Road, ubadilishe hali yako. Utapimwa uwezo wa kaya, na mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Tenga angalau 3,600 kutoka kwenye malipo ya mwisho kabla jamaa hawajajua zimeingia.

Karatasi zenyewe, kwa joto na unyevu wa Mombasa, hazidumu. Zile za mshahara za kubandua pembeni hufifia, na zinazochapwa kwa mashine ya joto kama risiti za duka hubaki nyeupe. Zipige nakala mapema. Usizitie plastiki ya moto: karatasi ya joto huwa nyeusi tii. Weka seti moja kwenye faili ya plastiki yenye zipu, kabati la juu, mbali na ukuta unaotoa chumvi, na seti ya nakala ikae nyumba nyingine kabisa, kwa mtoto au ndugu anayejua ni za nini.